Mla Jani na Mla Gogo: Kipepeo Mkubwa na Mbawakawa wa Pembe Ndefu katika Msitu Mmoja

Ukipanda kwenda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, kutoka mji wa Muheza kwa ile barabara ya kona juu ya kona, utafika mahali mvua imekatika na jua limetoka ghafla juu ya njia yenye tope. Hapo ndipo vipepeo wakubwa hushuka. Mmoja wao humsimamisha hata mwenye haraka: mweusi, mkanda mpana wa manjano hafifu umemkatiza mabawa yote manne, na kila bawa la nyuma lina mkia na doa la wekundu na buluu lililo kama jicho. Anatua kwenye tope, anakunjua mrija wake, anaanza kufyonza. Watu wanatoa simu.

Hatua chache pembeni pana gogo la mkuyu lililoanguka zamani. Juu ya gome lake ametulia mdudu mwingine, mrefu karibu sawa na kidole cha shahada. Rangi yake ni ya jani lililokauka, na pembe zake zimepinda nyuma kama vijiti vya mtambaazi mkavu. Hakuna anayemtolea simu, kwa sababu hakuna aliyemwona.

Watu wakiambiwa walinganishe wadudu hawa wawili, huanza na maswali yaleyale: yupi mkubwa, yupi mzuri, yupi mharibifu. Maswali hayo yanajibika, nami nitayajibu njiani. Lakini hayafiki kwenye mzizi wa tofauti yao. Mzizi uko utotoni mwao, katika kile ambacho kila mmoja alikula kabla hajawa na mabawa. Mmoja alikula jani na mwingine alikula gogo. Karibu kila kitu kingine kinachowatenganisha, kuanzia umri hadi sauti, kutoka rangi mpaka nafasi yao katika mfuko wa mkulima, kinatokana na hilo.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu majina. Mdudu wa kwenye gogo ni mbawakawa. Mitaani mara nyingi kila mdudu mwenye gamba gumu mgongoni huitwa mende, lakini mende wa jikoni ni ukoo mwingine kabisa, wa karibu zaidi na mchwa. Mbawakawa ndiyo oda yenye spishi nyingi kuliko zote za wanyama: zilizokwisha kupewa majina zinafikia kama 400,000. Ndani yake mna familia iitwayo Cerambycidae, yenye spishi zaidi ya 30,000, inayotambulika kwa pembe ndefu. Hizo pembe si pembe za kupigania kama za fahali. Ni vipapasio, yaani viungo vya kunusia na kugusia, na kwa madume wengi hupita urefu wa mwili wote. Yule wa kwenye mkuyu ni Petrognatha gigas, mmoja wa wakubwa wa familia hiyo katika Afrika. Neno gigas maana yake ni jitu.

Kipepeo wa kwenye tope ni Papilio ophidicephalus. Jina lake la kisayansi linabeba maneno ya Kigiriki ya nyoka na kichwa. Ni wa familia ya vipepeo wenye mikia, wale ambao wengi wetu tumewahi kumfuga mmoja bila kujua: ndugu yake mdogo, Papilio demodocus, ndiye anayetaga mayai kwenye mdimu wa uani.

Kuhusu ukubwa, jibu linategemea unapima nini. Kipepeo huyu akikunjua mabawa hufikia sentimita 10 hadi 12, wakati mwili wa mbawakawa wetu hufikia sentimita 6 au 7. Lakini ukiwaweka kiganjani, mbawakawa ni mzito mara kadhaa. Kipepeo ni turubai lililotandazwa juu ya kijiti chembamba. Mbawakawa ni mzigo uliofungwa vizuri. Wala hawa si mabingwa wa bara. Bingwa wa vipepeo wa Afrika ni Papilio antimachus wa misitu ya magharibi na ya Kongo, ambaye pia huonekana katika misitu ya magharibi mwa Uganda. Dume mkubwa hupita sentimita 20 kutoka ncha hadi ncha ya mabawa. Mwingereza Dru Drury alimwandika mwaka 1782. Na mbawakawa mzito kabisa wa Afrika ni Goliathus, lakini huyo vipapasio vyake ni vifupi na si wa ukoo tunaouzungumzia.

Sasa tuingie utotoni.

Wote wawili hupitia hatua nne: yai, mtoto, pupa, kisha mdudu kamili. Mtoto wa kipepeo tunamwita kiwavi, wa mbawakawa tunamwita buu. Utaratibu huu waliurithi kwa babu mmoja wa kale sana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ambaye nyigu na nzi pia ni wajukuu zake. Faida yake ni kwamba mtoto na mzazi hawagombanii chakula. Mtoto ni mashine ya kula, mzazi ni mashine ya kusafiri na kuzaa. Ndiyo maana kumlinganisha kipepeo na mbawakawa kwa kuwatazama wakubwa peke yao ni kusoma ukurasa wa mwisho tu wa barua.

Jike la kipepeo huanza kazi kwa miguu. Hurukaruka kutoka jani hadi jani, anatua, anapigapiga uso wa jani kwa miguu ya mbele, anaondoka. Anaonja. Miguuni ana viungo vya ladha vinavyomwambia kama mti huu ni wa jamii ya michungwa na midimu, maana kiwavi wake hatakula kingine. Akiridhika, anabandika yai moja, mara nyingi kwenye jani changa, na kuhamia kwingine. Baada ya siku chache kiwavi anatoka.

Jani ni chakula chepesi kwa kutafuna na lina protini ya kutosha. Nitrojeni, ambayo ndiyo kiini cha protini, huwa kati ya asilimia 1 na 5 ya uzito wa jani kavu, na jani changa ndilo lenye nyingi. Kwa hiyo kiwavi hukua kwa kasi ya kushangaza. Ndani ya wiki tatu hadi nne anajivua ngozi mara nne, na uzito wake unaongezeka zaidi ya mara elfu moja. Mwanangu alipokuwa na miaka sita nilimwonyesha kiwavi wa mdimu kila asubuhi, na asubuhi ya wiki ya tatu alikataa kuamini kuwa ni yuleyule.

Lakini jani lina gharama mbili. Ya kwanza ni sumu. Mti hauwezi kukimbia, kwa hiyo unajitetea kwa kemikali. Ile harufu kali unayoisikia ukivunja jani la mdimu haikuwekwa kwa ajili ya chai yetu. Ni sehemu ya ulinzi wa mti. Vipepeo wa jenasi Papilio wana vimeng'enya vya kuvunja sumu za jamii hiyo ya miti, na kwa sababu hiyo wamejipatia meza ambayo wadudu wengine wengi wanaiogopa. Mwaka 1964 wanasayansi Paul Ehrlich na Peter Raven walitumia vipepeo na mimea yao kueleza namna pande mbili zinavyobadilishana kwa vizazi vingi, mti ukibuni sumu mpya na mdudu akibuni dawa yake. Gharama ya ujuzi huo ni kufungwa. Kiwavi aliyezoea mdimu atakufa njaa juu ya mwembe.

Gharama ya pili ni kuonekana. Jani liko nje, mchana kweupe, mbele ya ndege. Kiwavi mchanga wa ukoo huu hujigeuza kuwa kitu ambacho hakuna ndege anayekitaka: ana rangi ya kahawia na doa jeupe, mfano kamili wa kinyesi cha ndege. Akikua, kinyesi cha ukubwa huo hakiaminiki tena, hivyo anavaa kijani cha majani. Na ukimgusa, nyuma ya kichwa chake inachomoza panda mbili laini, nyekundu au za rangi ya chungwa, zenye harufu kali. Siafu na sisimizi hurudi nyuma. Hata hivyo wengi hufa. Nyigu wadogo hutaga ndani ya mayai na ndani ya viwavi, na ndege hawakosei kila mara. Kati ya mayai mengi ni machache tu yanayofika kuwa na mabawa.

Buu wa mbawakawa yuko katika dunia nyingine.

Jike la mbawakawa wa kundi hili hatui juu ya jani. Hutafuta mti unaokufa au uliokufa karibuni, akiongozwa na harufu, kisha hutafuna ufa mdogo kwenye gome na kuingiza yai humo. Buu akianguliwa anajikuta ndani ya chakula chake, na hatatoka humo mpaka awe mkubwa. Ni mweupe, mnene, hana miguu ya maana, hana macho ya kusifia. Kilicho kigumu kwake ni kichwa na taya tu. Hahitaji zaidi. Mbele yake ni mbao, nyuma yake ni unga wa mbao aliokwisha kuupitisha tumboni.

Mbao ni chakula duni mno. Nitrojeni yake kwa kawaida haifiki asilimia 0.5, na mara nyingi ni pungufu sana ya hapo. Sehemu kubwa ni selulosi na lignini, vitu vilivyomfanya mti usimame karne nzima bila kuanguka. Kuviyeyusha tumboni si kazi ndogo. Mabuu hawa wana njia kadhaa. Wengine wana hamira na bakteria tumboni wanaowasaidia. Wengine hungoja kuvu wailainishe mbao kwanza, kisha hula mbao pamoja na kuvu. Na wapo wenye silaha zao wenyewe. Mwaka 2016 ilitangazwa ramani ya jeni za mbawakawa wa pembe ndefu wa Asia, Anoplophora glabripennis, na ikaonekana kwamba baadhi ya jeni zake za kuvunja kuta za seli za mimea zilitoka kwa bakteria na kuvu katika zama za mbali, zikahamia kwa mdudu na kubaki kama urithi wa ukoo. Kwangu hilo ndilo jambo la ajabu kuliko rangi yoyote ya bawa.

Hata kwa msaada wote huo, kazi ni ya polepole. Bandu bandu huisha gogo, na huyu ndiye mwenye methali hiyo. Mahali ambapo kiwavi anamaliza utoto kwa wiki nne, buu wa mbawakawa mkubwa huchukua mwaka au zaidi, na katika mbao kavu iliyokwisha kupungukiwa na lishe anaweza kuchelewa mno. Ziko kumbukumbu za kuaminika za mbawakawa wa pembe ndefu waliotoboa kutoka kwenye fanicha zaidi ya miaka kumi baada ya mbao kupasuliwa. Fundi hana kosa, wala hakuna mdudu aliyeingia nyumbani usiku. Buu alikuwamo tangu msituni, akitafuna gizani bila haraka.

Anachopata kwa subira hiyo ni ulinzi. Ndege wa kawaida hamfikii, siafu hawapenyi kwa urahisi, jua na kiangazi haviingii. Adui zake ni wataalamu wachache. Kigong'ota hugonga, husikiliza, hutoboa. Nyigu wengine wana mkia mrefu mwembamba wa kutagia unaoweza kuzamishwa ndani ya mbao hadi ufike kwa buu. Kwa hiyo ukitaka kuelewa kwa nini buu hana rangi, hana miiba wala harufu kali kama kiwavi, jibu ni kwamba gogo lenyewe ndilo ngozi yake.

Katika hatua ya pupa wanakaribiana kidogo kabla ya kuachana tena. Kiwavi hujifunga kwenye kijiti kwa uzi wa hariri kiunoni, anajivua ngozi ya mwisho, na pupa anabaki ananing'inia, wa kijani au kahawia kulingana na mahali alipo. Buu naye huchimba chumba kidogo karibu na uso wa mbao. Kabla ya kutulia hufanya jambo moja ambalo maisha yake yote yajayo yanalitegemea: anageuza kichwa kielekee upande wa kutokea. Mdudu kamili mwenye gamba gumu na vipapasio virefu hataweza kujigeuza ndani ya chumba hicho. Buu anayekosea mwelekeo amekosea mara moja tu.

Kutoka hapo, angalia miili ya wakubwa na utaona kila mmoja amevaa historia yake.

Kipepeo hajawahi kuhitaji kutoboa kitu. Anachana ganda jepesi la pupa, anasubiri mabawa yajae na kukauka, anaruka. Mabawa yote manne ni ya kurukia, yamefunikwa magamba madogo sana ambayo ndiyo ule unga unaobaki vidoleni. Asili yake ni nywele zilizobadilika umbo. Hubeba rangi, na pia hung'oka kwa urahisi, jambo linaloweza kumwokoa kwenye utando wa buibui: utando unabaki na magamba, yeye anachomoka. Utotoni tulikatazwa kumshika kwa hofu kuwa unga huo ungetupofusha. Sababu nzuri ya kutomshika ni nyingine, kwamba tunamwondolea vazi asiloweza kulishona upya.

Mbawakawa ametoka ndani ya mbao kwa kutafuna, na mabawa laini kama ya kipepeo yasingefika nje. Mabawa yake ya mbele yamegeuka kuwa vifuniko viwili vigumu. Ya nyuma, membamba kama karatasi ya nailoni, hukunjwa na kufichwa chini yake. Akitaka kuruka anafungua vifuniko, anakunjua mabawa, anaondoka kwa mvumo mzito, mwili ukining'inia. Si mrukaji hodari. Lakini anaweza kujibana kwenye ufa wa gome, kulala chini ya mvua ya masika, kuangukia jiwe na kuondoka mzima. Vifuniko hivyo ndivyo vilivyofungua milango mingi kwa ukoo wa mbawakawa, na wanasayansi wengi huvihesabu miongoni mwa sababu za wingi wa spishi zao.

Namna wanavyotafutana pia imefuata makazi. Kipepeo anaishi penye mwanga, hivyo anaongozwa na macho. Ndugu yake wa Japani, Papilio xuthus, aliyechunguzwa sana, ana aina sita za vipokezi vya rangi machoni. Sisi tuna tatu. Anaona miale ya urujuanimno tusiyoiona, na nyekundu ambayo wadudu wengi hawaioni. Mkanda wa manjano na mikia ni maneno yanayosomwa na macho kama hayo. Mbawakawa wengi wa pembe ndefu hutembea usiku au kwenye kivuli kizito, na kwao lugha ni harufu na mguso. Dume hufuata harufu hewani, na akimkaribia jike humthibitisha kwa kumgusa na vipapasio, kwani nta ya mwili wa jike ina alama yake. Hapo ndipo urefu wa vipapasio unapolipa. Vya kipepeo ni vifupi na vimeishia kwenye kirungu kidogo. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kumtofautisha na nondo.

Jambo moja linawashangaza wanaomshika mbawakawa kwa mara ya kwanza: analia. Husugua kifua juu ya mkwaruzo uliopo kati ya kifua na mabawa, na sauti inayotoka ni kama bawaba isiyotiwa mafuta. Anakwambia umwachie. Kipepeo wetu hana sauti hiyo. Yeye akishikwa hupigapiga mabawa tu.

Midomo nayo. Kipepeo mkubwa hana taya, ana mrija. Maua humpa sukari ya kurukia, lakini protini ya kutengenezea mayai sehemu kubwa aliibeba kutoka utotoni. Chumvi ni adimu kwenye majani, na ndiyo sababu ya mkutano ule kwenye tope: wanaofyonza pale karibu wote ni madume, wanakusanya chumvi, na sehemu ya chumvi hiyo humfikia jike wakati wa kujamiiana na kuingia kwenye mayai. Mbawakawa wa kundi la Petrognatha wamebaki na taya ukubwani, nao hutafuna magome ya matawi machanga kabla ya kuwa tayari kuzaa.

Tofauti hii ya jani na gogo imeingia hata kwenye pesa. Huko Gede, pwani ya Kenya, Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Wakulima wanaopakana na msitu huwafuga viwavi kwenye vizimba, huuza pupa, na pupa husafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Usambara Mashariki nako wanavijiji wa Amani walianza kazi ya namna hiyo mapema miaka ya 2000. Biashara hii inawezekana kwa sababu ya jani. Mkulima anapanda mche wa chakula, anapata mayai, na baada ya mwezi na kitu ana pupa asiyekula wala kutembea, anayesubiri siku za kutosha kufungwa kwenye pamba na kupanda ndege. Mbawakawa wa pembe ndefu hangefaa. Huwezi kumwambia mama wa watoto wanne angoje zaidi ya mwaka gogo lijibu.

Mwaka 2016 Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na pupa wa Amani wakaingia katika katazo hilo pamoja na wanyama wakubwa ambao ndio waliokuwa wakihofiwa. Niseme ninavyoona: kiwavi aliyefugwa kwenye kizimba kwa majani yaliyopandwa hafanani na twiga aliyenaswa porini, na sheria inayowaweka kapu moja humwumiza yule aliyekuwa na sababu ya kulinda msitu.

Shambani wote wawili wana jamaa wenye sifa mbaya. Viwavi wa Papilio demodocus hula miche ya michungwa mpaka ibaki vijiti. Dawa yake kwa mwenye miche michache ni kuwaokota kwa mkono asubuhi, maana wako juu ya majani wanaonekana. Kwa kahawa mambo ni magumu zaidi. Bungua mweupe wa shina, Anthores leuconotus, ni mbawakawa wa pembe ndefu anayeshambulia arabika, na wakulima wa Kilimanjaro na Mbeya wanamjua kwa hasara. Jike hutaga chini ya gome karibu na ardhi. Buu hutafuna kwanza kulizunguka shina chini ya gome, halafu huingia ndani ya mti na anaweza kukaa humo hadi miaka miwili. Mkulima anaona majani yanageuka manjano, ananyunyiza dawa juu, na dawa haimfikii aliye ndani ya shina. Kinachosaidia ni kukagua mashina mapema, kuyasugua gome liwe laini jike lisipate ufa, kuchokonoa mashimo kwa waya, na kung'oa na kuchoma mti uliokwisha kuharibika. Hapa pia ni jani na gogo.

Lakini bungua huyu asituharibie sifa za ukoo mzima. Walio wengi kati ya mbawakawa wa pembe ndefu hawagusi mti wenye afya. Wanakula mti unaokufa, na kwa kuutoboa wanaingiza hewa, maji na kuvu ndani yake, mpaka gogo linarudi kuwa udongo. Bila wao na wenzao kazi hiyo ingechelewa sana, na lishe iliyofungwa ndani ya gogo ingekaa imefungwa.

Na hapa pana jambo linalonihangaisha. Msitu tunaoulinda kwa ajili ya kipepeo ni msitu wa majani: miti imesimama, kijani kimetanda, watalii wamepiga picha. Msitu wa mbawakawa unahitaji kitu cha ziada ambacho kwa macho yetu ni uchafu, yaani mti uliokufa ukaachwa ulipoanguka. Katika baadhi ya misitu ya hifadhi wenyeji huruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu, na ruhusa hiyo ni ya haki, kwa sababu nyumba haipiki kwa mandhari. Ila tuseme wazi kwamba kuni kavu si kitu kisicho na mwenyewe. Nchini Finland, ambako suala hili limechunguzwa kwa kina, inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 20 na 25 ya spishi zote za msituni hutegemea mbao zilizokufa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaja kwa jina mbawakawa wa pembe ndefu wa buluu, Rosalia alpina, anayekulia katika mbao zilizokufa za misitu yao, na kuyalinda makazi yake. Kwetu inawezekana kuokota matawi na vigogo vyembamba, na kuyaacha magogo makubwa, yale ambayo hata hivyo ni taabu kuyapasua na kuyabeba. Ndiyo hasa yanayowafaa mabuu wakubwa, kwa kuwa hukaa na unyevu muda mrefu.

Anayedhani kipepeo hatahusika na hayo, amtazame Charaxes. Hawa ni vipepeo wa msituni wenye mwili mnene na mruko wa kasi, na wengi wao hawana shughuli na maua. Wanapenda matunda yaliyochacha na utomvu wa mti unaovuja. Utomvu huo mara nyingi hutoka kwenye jeraha lililochimbwa na wadudu watoboa mbao, mabuu wa pembe ndefu wakiwamo. Siku ya joto, ukikuta shina lenye doa jeusi linalometameta na harufu ya pombe ya mnazi, simama mbali kidogo usubiri. Charaxes atashuka kutoka juu, atakunja mabawa, ataingiza mrija wake kwenye jeraha. Ukitega sikio karibu na gome, na upepo ukatulia, unaweza kusikia sauti ya kutafuna ikitoka ndani.